Kukata na Kuumba Akriliki kwa Mkono: Tutengeneze Kisanduku cha Kinyago

Kipande cha kwanza cha akriliki nilichokata kilipasuka kutoka ukingoni hadi katikati, mbele ya fundi wa mabango aliyenipa bure. Hakukasirika. Aliniambia tu, "Dogo, unaikata kama mbao. Hii ukiilazimisha inakujibu." Hapo tulikuwa kwenye baraza lake huku Mtwara mjini, upande wa Chikongola, na tangu siku ile nimekata vibao vya majina, stendi za simu, fremu za picha, na zaidi ya vyote visanduku vya kuwekea vinyago visiingiwe na vumbi. Nitaelekeza kwa kutumia kisanduku, kwa sababu ukikimaliza utakuwa umegusa karibu kila kazi ya akriliki. Umeme hauhitajiki sana. Kuna siku nimefanya yote kwa mwanga wa jua tu, barazani.

Ujue kwanza unachokata

Akriliki ni plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo. Mafundi wengine huiita Perspex au Plexiglas, majina ya kibiashara yaliyokuwepo tangu miaka ya 1930. Uzito wake haufiki nusu ya kioo cha ukubwa uleule. Shiti nzima huwa futi 4 kwa 8, yaani mita 1.22 kwa 2.44, na ya milimita 3 ina uzito wa karibu kilo 10 na nusu. Huihitaji nzima. Nenda kwa mafundi wa mabango ukaombe au ununue mabaki. Kipande cha sentimita 45 kwa 50 kinatosha kisanduku chetu, na kikiwa bado na karatasi au nailoni yake ya kinga pande zote mbili, afadhali zaidi. Usiibandue mpaka nikuambie.

Si kila plastiki angavu ni akriliki. Polikaboneti hujikunja bila kuvunjika, kwa hiyo njia ya kuchana na kuvunja haifanyi kazi kwake. Utahangaika nayo mpaka jioni. Polistireni nayo ni dhaifu na huacha alama nyeupe ukiipinda. Ukiwa na shaka, kwangua unga kidogo usiozidi kichwa cha kiberiti, toka nje, ushike kwa koleo na uuwashe. Akriliki huwaka vizuri kwa moto wenye rangi ya samawati chini, moshi mdogo, na harufu tamutamu kama ya tunda. Polistireni hutoa moshi mweusi wenye masizi. Polikaboneti nayo hutoa masizi, halafu ukiondoa moto hujizimia yenyewe. Usiiname kunusa karibu. Upepo utakuletea harufu hapo ulipo.

Kuna pia akriliki ya kumwagwa kwenye kalibu na ile ya kusukumwa na mashine. Muuzaji mara nyingi hajui ni ipi, ila msumeno wako utakuambia: ya kalibu hutoa unga mkavu, ya kusukumwa hutoa vinyuzi vinavyonata na huyeyuka haraka. Zote zinafaa. Ile inayonata inataka mkono wa polepole zaidi.

Unene: milimita 3. Ya 2 hulegea, ya 5 haivunjiki kirahisi kwa mkono na inabidi uikate kwa msumeno.

Vifaa

Rula ya chuma, skwea (ya kuhakikishia pembe mraba), peni ya alama, klempu (vibano) mbili, kipande cha mbao kilichonyooka, msumeno wa chuma wenye meno madogo (meno 24 au 32 kwa inchi), tupa laini, misasa ya maji kuanzia namba 180 mpaka 1200, drili, na miwani ya kazi. Miwani si mapambo. Chembe ya akriliki inayoruka wakati wa kuvunja ina ncha kama ya kioo.

Kifaa kikubwa kuliko vyote ni kisu cha kuchania, na hicho utakitengeneza mwenyewe. Chukua kipande cha ukanda wa msumeno wa chuma uliovunjika. Unoe ncha yake kwenye jiwe la umeme mpaka iwe kama kucha ya ndege, imeinama kuelekea kwako. Uwe unaichovya majini mara kwa mara. Chuma kikibadilika rangi kuwa buluu kimepoteza ugumu wake. Zungushia upande wa pili mpira wa baiskeli iwe mpini. Kisu hiki hakikati kwa kusukuma. Ukikivuta, ncha huinua uzi mwembamba wa akriliki na kuacha mfereji wenye umbo la V. Kisu cha kawaida cha kukatia karatasi nacho hufanya kazi, lakini ukigeuza kisu kinyumenyume na kuvuta kwa mgongo wa ncha utapata mfereji mzuri zaidi kuliko kwa makali yenyewe.

Vipimo

Kinyago changu ni cha mpingo, kile cha watu waliobebana ambacho wachongaji huita ujamaa, kirefu sentimita 17. Kwa hiyo kisanduku kitakuwa na upana wa milimita 150 kila upande na kimo cha 200, bila chini, kikae juu ya msingi wa mbao. Vipande ni vitano:

Mbele na nyuma: viwili vya 150 kwa 200.
Kushoto na kulia: viwili vya 144 kwa 200.
Juu: kimoja cha 150 kwa 150.

Hiyo 144 inatoka wapi? Vipande vya pembeni vinaingia katikati ya mbele na nyuma, na kila kimoja kati ya hivyo viwili kina unene wa milimita 3. Toa 6 kwenye 150. Hapa ndipo wengi hukosea: wanakata vinne sawa, halafu mfuniko haukai. Tena pima unene halisi wa shiti yako, maana iliyoandikwa 3 inaweza kuwa 2.8 upande huu na 3.1 upande ule.

Chora kwenye karatasi ya kinga, ukiongeza milimita 1 kila kipimo kwa ajili ya kusafisha ukingo. Panga michoro ili kila mstari uende kutoka ukingo mmoja wa shiti hadi mwingine. Akriliki haivunjiki kwa kona. Ukichana herufi L na kuivunja, ufa utaendelea mbele moja kwa moja bila kujali mchoro wako.

Kuchana na kuvunja

Laza shiti mezani. Weka rula kwenye mstari, rula ikiwa juu ya upande unaoutaka, ili kisu kikiteleza kikwaruze kile kipande utakachotupa. Funga rula kwa klempu. Mkono peke yake utachoka mara ya sita na mstari utahama.

Vuta mara ya kwanza kwa wepesi kabisa, kama unafuta vumbi. Mvuto huo ni wa kutengeneza njia tu. Wa pili na wa tatu ndipo uongeze nguvu. Kila mara anzia ukingo wa mbali na umalizie nje kabisa ya ukingo wa karibu. Watu wengi huacha sentimita ya mwisho bila kuichana vizuri, na hapohapo ndipo ufa hupinda. Kwa milimita 3 mimi huvuta mara kumi hadi kumi na mbili, mpaka mfereji ufike karibu theluthi ya unene. Utasikia sauti inabadilika. Mwanzo inalia kama kucha kwenye ubao wa shule, baadaye inakuwa nzito na uzi mweupe unatoka mzima mzima. Sauti hiyo ndiyo unayoitafuta.

Sasa sogeza shiti mpaka mfereji ukae sawasawa juu ya ukingo wa meza, mfereji ukitazama juu. Weka ile mbao iliyonyooka juu ya sehemu iliyo mezani, karibu na mfereji, uikaze kwa klempu. Vaa miwani. Shika sehemu inayoning'inia kwa viganja vyote viwili, ukivitenganisha, kisha sukuma chini kwa mara moja, kwa uhakika. Itasikika "pa!" kama ganda la korosho. Ukisukuma kwa woga, kidogo kidogo, ndipo inapopasuka ovyo. Na ikigoma, usiongeze nguvu. Rudisha mezani, chana mara tano zaidi.

Utepe mwembamba chini ya sentimita 3 ni mgumu kuvunja kwa viganja kwa sababu hauna pa kushika. Ubane katikati ya mbao mbili upande wa nje pia, uvunje kwa kushika mbao.

Anza na mikato mirefu, ndipo ugawe vipande. Na ukifanya barazani mchana wa kaskazi, usiache shiti juani ukaenda kula. Akriliki hutanuka kwa joto: mita moja huongezeka karibu milimita 0.07 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Kwa kipande kidogo si kitu, lakini shiti iliyoegemezwa ukutani ikapata jua kwa saa tatu itapinda kama mtumbwi, na mtumbwi hauvunjiki kwa mstari ulionyooka.

Pale kisu kisipofika

Kwa mapindo na matundu makubwa utahitaji msumeno: ule wenye ukanda mwembamba uliofungwa kwenye fremu ya upinde kwa mapindo, msumeno wa chuma kwa mikato iliyonyooka ya shiti nene. Bana kipande karibu na mkato, kisiruke wala kutetemeka. Sukuma polepole, acha meno yafanye kazi, na dondosha tone la maji ya sabuni kila baada ya muda. Ukienda mbio, unga huyeyuka na kuganda nyuma ya meno, msumeno unashikwa ndani, nawe unaanza kuuvuta kwa hasira. Kwenye kona ya ndani toboa kwanza tundu la milimita 5 au 6, kisha kata mpaka ulifikie. Kona kali ya ndani ndipo ufa huzaliwa, hata miezi baadaye.

Ukingo ndio unaotofautisha kazi

Somo hili nililipata kwa mzee mmoja mchonga vinyago, Mmakonde wa Newala, ambaye hajawahi kukata plastiki maishani. Alikuwa akinisubiri nimalize kisanduku chake, akaona ninavyosugua ukingo kwa msasa mkali kwa nguvu zote. Akasema, "Mwanangu, kwangua kwanza. Msasa ni wa mwisho." Akachukua mgongo wa kisu changu, akausimamisha wima juu ya ukingo na kuuvuta mara tatu. Zikatoka nyuzi laini, na alama zote za kuvunjikia zikaondoka. Kazi ya robo saa iliisha kwa dakika moja. Nikamwambia, "Shikamoo tena, mzee." Akacheka.

Basi fanya hivyo: bana kipande kikiwa wima, kwangua kwa mgongo ulionyooka wa kisu au wa ukanda wa msumeno, ukivuta kwa urefu wote bila kusimama katikati. Angalia kwa skwea. Kama kipande kimezidi, tupa itumike sasa, ikienda upande mmoja tu.

Baada ya hapo njia zinagawanyika. Ukingo utakaogundishwa uishie hapo, au upitishe msasa wa 320 uliozungushiwa kwenye mbao yenye kona kali. Usiung'arishe. Kung'arisha kunaviringisha pembe, na pembe zilizoviringika huacha mapengo yanayojaa mapovu. Ukingo utakaobaki wazi ndio unaostahili msasa wa maji: 180 ikiwa bado kuna mikwaruzo, 320, 600, kisha 1200, ukibadilisha mwelekeo kila namba ili uone kama mikwaruzo ya awali imekwisha. Usiruke namba; mkwaruzo wa 180 hautatolewa na 1200 hata ukisugua mpaka magharibi. Malizia kwa kitambaa laini cha pamba na dawa ya kung'arishia rangi ya gari. Dawa nyeupe ya meno pia inafaa kwa kazi ndogo, ile isiyo ya jeli.

Mafundi wengine hupitisha moto wa gesi haraka kwenye ukingo na unang'aa papo hapo. Ni kweli unang'aa. Lakini moto huacha mkazo ndani ya plastiki, na ukija kugusisha gundi ya majimaji hapo, huchanika nyufa nyembamba kama za ukoko wa matope. Mimi siutumii kabisa kwenye visanduku.

Ukitaka kukunja

Stendi ya simu au kibao cha bei cha mezani hakigundishwi, hukunjwa. Kamilisha ukingo kwanza, kwa sababu kusugua kipande kilichokunjwa ni taabu. Sasa bandua kinga yote. Panga mbao mbili zikiacha mwanya wa sentimita 1, laza akriliki juu, mstari wa kukunja ukiwa juu ya mwanya, na pitisha hewa ya moto ya hiti gani (mashine ya kupuliza hewa ya moto) huku na huko upande wa chini, kisha geuza. Akriliki huanza kulegea ikipita nyuzi 105 za Selsiasi, lakini kukunjika vizuri kunataka kama 150. Subiri mpaka ilegee kwa uzito wake yenyewe. Ikunje, iegemeze kwenye kona ya mbao, shikilia mpaka ipoe kabisa.

Ukiona vipovu ndani, moto umezidi, au plastiki ilikuwa na unyevu. Akriliki hunywa unyevu wa hewa, na sisi tunakaa pwani. Kipande kilichokaa miezi stoo karibu na bahari hutoa mapovu kwa urahisi kuliko kilichotoka kwenye kifungashio wiki hii, hivyo kipashe taratibu zaidi. Nacho kinaweza kushika moto, kwa hiyo weka ndoo ya mchanga karibu.

Kutoboa

Upande wa mbele na wa nyuma, kila mmoja utakuwa na matundu mawili chini ya kushikia msingi, sentimita 2 kutoka kila pembe na milimita 8 kutoka chini. Ncha mpya ya drili ya chuma hung'ata akriliki ikitokea upande wa pili na kumega kipande. Ipunguze ukali: sugua makali yake kidogo kwa jiwe la kunolea mpaka iwe inakwangua badala ya kung'ata. Weka mbao chini, bana vyote pamoja, zungusha polepole, legeza mkono kabisa unapokaribia kutokea. Tundu liwe kubwa kuliko skrubu: kwa skrubu ya milimita 4, toboa 5 au 6, ili plastiki ipate pa kutanukia. Kwa kibao cha ukutani cha sentimita 60, tofauti ya nyuzi 20 kati ya alfajiri na jua kali ni karibu milimita 0.8, na skrubu iliyobana hairuhusu hata hiyo.

Kuunganisha

Supaglu iache. Inashika, lakini mvuke wake huacha ukungu mweupe kuzunguka kiungo, na ukungu huo hautoki. Tumia gundi ya majimaji ya akriliki, ambayo haibandiki bali huyeyusha nyuso mbili zikawa moja. Nyingi zina daiklorometheni, na mvuke wake ni mbaya kwa pumzi na ni mzito kuliko hewa, hutuama chini. Kwa hiyo fanya nje, upepo ukitokea mgongoni, watoto wakiwa mbali. Usiihamishie kwenye chupa ya soda hata kwa dakika moja.

Bandua kinga karibu na kiungo tu, kama sentimita 2, au yote ukiwa na mkono mtulivu. Simamisha mbele na upande mmoja kwenye kona ya mbao ya skwea, ushikilie kwa masikingi tepu, vipande vigusane kavu. Kama mwanga unapenya kwenye kiungo, rudi kukwangua. Gundi hii haijazi pengo. Vuta gundi kidogo kwenye bomba la sindano, pitisha ncha ya sindano kwenye kona ya ndani huku ukisukuma kidogo sana. Utaiona inakimbia yenyewe ndani ya kiungo na kukifanya kiwe angavu. Sehemu inayobaki na weupe haijapata gundi. Usisukume, usifute, usiguse. Tone likidondoka usoni, liache likauke. Ukilifuta kwa kidole umeandika kidole chako pale milele. Ukimaliza, usiache gundi ndani ya bomba, maana mpira wake huvimba.

Unganisha pande nne kwanza, acha kama nusu saa, ndipo uweke mfuniko. Usikisumbue kwa saa tatu, na usikipe uzito mpaka kesho.

Kusafisha na kufunga

Kisanduku changu cha tatu kilikuwa kizuri kuliko vyote mpaka nilipokifuta kwa spiriti ili king'ae mbele ya mteja. Kesho yake pembe zote zilikuwa na nyufa za nywele, na pesa yake nikamrudishia. Spiriti, tina ya kuyeyushia rangi, petroli, na dawa za kioo zenye amonia, vyote visiguse akriliki. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo, kitambaa cha pamba kisicho na mchanga, basi. Mwaga maji kwanza vumbi liteleze, maana vumbi letu lina mchanga, na kufuta kavu ni sawa na kupiga msasa.

Msingi ukate kwa mninga au mbao yoyote kavu, unene wa milimita 20, upana wa 143 kwa 143 ili kisanduku kiteleze juu yake bila kubana. Tumia skrubu za shaba au chuma kisichoshika kutu. Za kawaida hapa huanza kutoa machozi ya kahawia kabla ya mwaka kwisha. Toboa mbao kwanza, kaza kwa mkono, na skrubu ikigusa tu akriliki, simama.

Kabla ya kuteremsha kisanduku, futa alama za vidole kwa ndani na uhakikishe kinyago kimeangalia mbele. Nimewahi kufungua skrubu zote nne kwa sababu mzee alikuwa ametazama ukuta.